`protected` na urithi kwenye Java: mwongozo kamili wa kumaliza lile kosa la "has protected access"

Hii naiandika juu nimechoka kurudilia neno moja. Tangu mwezi uanze, kila anayepanda ngazi za kwetu hapa Kadutu, Bukavu, na mashini kwapani ananionyesha mstari uleule, `error: salio has protected access in Kasha`, halafu lawama ileile: "Yaya, si nimeandika `extends`? Mimi ni mtoto wa hii klasi, inanikatalia nini tena?"

Ni kweli umeandika `extends`. Ila `protected`, lile neno la Java la kusema nani aguse kitu cha klasi, haikuulizi tu wewe ni mtoto wa nani, inakuuliza pia hilo kasha unaloshika ni la nani. Hapo njo wengi wanaanguka, juu darasani inachorwa ile tebo ya public, private na protected yenye ndiyo na hapana, watu wanaikariri vizuri kabisa, kiisha siku ya TP (kazi ya vitendo) tebo inawageuka.

Tutafanya kwa mkono, na mara nyingi tutaharibu kwa makusudi ili uone inavyolia. Usisome tu kwa macho, andika.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- JDK, yaani vifaa vya kuandikia Java, pamoja na `javac` inayokagua na kutafsiri kodi. Toleo la 17 au 21 ni sawa, hata la 11 linatosha. Faili lake linazidi mega 100, kwa hiyo kabla ya kumaliza mega zako za wiki uliza jirani kama analo kwenye flashi.
- Kihariri chochote cha maandishi, hata Notepad.
- Terminali, ile dirisha nyeusi.
- Dosie (folda) moja tupu iitwe `likirimba`, na ndani yake dosie mbili, `shina` na `tawi`.

IDE nzito, ile programu kubwa ya kuandikia kodi, iache kwa leo. Si mbaya, mimi mwenyewe naitumia kazini, lakini inakuandikia paketi (kundi la klasi zilizo dosie moja) na import bila kukuuliza na somo lote la leo limejificha humo ndani ya paketi. Tena umeme ukikatika, Notepad na terminali vinakufikisha asubuhi kwa betri ileile, wakati IDE feni inalia kama pikipiki inayopanda kilima na abiria watatu.

Fungua terminali, andika `javac -version`. Ukiona namba ya toleo, endelea. Ukiambiwa amri haijulikani, basi JDK haijaingia kwenye PATH (orodha ya mahali terminali inatafutia amri), rekebisha hiyo kwanza maana bila `javac` hakuna cha kufanya.

Amri zote tunazipiga tukiwa ndani ya `likirimba`, hatuingii ndani ya `shina` wala `tawi`. Ukiingia ndani ya `shina` na kupiga `javac Jaribio.java` utaambiwa `cannot find symbol` na utadhani kosa liko kwenye kodi, kumbe uko tu mahali pabaya.

## Hatua ya 1: Weka vyote kwenye paketi moja, uone `protected` inavyodanganya

Tunatengeneza makasha ya watu wa likirimba, yaani kikundi cha kuweka akiba, kila mtu na kasha lake la akiba. Faili la kwanza, `shina/Kasha.java`:

```java
package shina;

public class Kasha {
    protected int salio;

    public Kasha(int mwanzo) {
        salio = mwanzo;
    }
}
```

Faili la pili, `shina/Jaribio.java`:

```java
package shina;

public class Jaribio {
    public static void main(String[] args) {
        Kasha k = new Kasha(5000);
        k.salio = 0;
        System.out.println(k.salio);
    }
}
```

Piga:

```
javac -d out shina/Kasha.java shina/Jaribio.java
java -cp out shina.Jaribio
```

Ikikubali utaona: `0`. Hakuna kosa, hakuna onyo.

Sasa angalia vizuri. `Jaribio` si mtoto wa `Kasha`, hakuna `extends` popote, na bado ameingia akafuta franka 5000 za mtu. Sababu ni kwamba kwenye Java `protected` inafungulia watoto na pia kila klasi iliyo paketi moja na klasi mama. Watu wa parseli moja, kama unavyojua, wanaingiliana bila hodi.

Ndiyo maana kodi yako ilikuwa inatembea muhula mzima. Faili zote zilikuwa dosie moja, `protected` ikawa sawa na kitu kisicho na kufuli, ukaamini umeielewa. Siku mwalimu anasema "gawanya kwenye paketi", kila kitu kinaanguka siku moja na unalaumu paketi.

## Hatua ya 2: Mtoe `Jaribio` nje

Hamisha `Jaribio.java` kutoka `shina` uiweke `tawi`, ubadilishe mistari ya juu:

```java
package tawi;

import shina.Kasha;

public class Jaribio {
    public static void main(String[] args) {
        Kasha k = new Kasha(5000);
        k.salio = 0;
        System.out.println(k.salio);
    }
}
```

Onyo: futa dosie ya `out` yote kabla ya kuendelea. Ukiiacha, ile `Jaribio` ya zamani bado inaishi humo, na ukikosea ukapiga `java -cp out shina.Jaribio` itakuonyesha `0` kwa furaha na utaamini mambo mazuri. Hili limepoteza masaa ya watu wengi.

Piga `javac -d out shina/Kasha.java tawi/Jaribio.java`.

Ikikubali utaona, na hapa kukubali ni kukataliwa:

```
tawi/Jaribio.java:8: error: salio has protected access in Kasha
tawi/Jaribio.java:9: error: salio has protected access in Kasha
```

Mstari wa 8 ni kuandika, wa 9 ni kusoma. Zote mbili zimekataliwa juu `protected` haitofautishi kusoma na kuandika, ni mlango mmoja.

## Hatua ya 3: Mtoto wa nje anaingia kwake

Andika `tawi/KashaLaSoko.java`, hili ni kasha la mama anayeuza pale Nyawera:

```java
package tawi;

import shina.Kasha;

public class KashaLaSoko extends Kasha {
    public KashaLaSoko(int mwanzo) {
        super(mwanzo);
    }

    public void weka(int kiasi) {
        salio = salio + kiasi;
    }

    public int soma() {
        return salio;
    }
}
```

Ndani ya `Jaribio`, futa import ile (`Kasha` haitajwi tena humo, na `KashaLaSoko` tuko nayo paketi moja), kiisha badilisha mwili wa `main`:

```java
KashaLaSoko k = new KashaLaSoko(5000);
k.weka(2000);
System.out.println(k.soma());
```

Piga `javac` kwa faili zote tatu, kiisha `java -cp out tawi.Jaribio`.

Ikikubali utaona: `7000`.

`KashaLaSoko` iko paketi nyingine lakini imegusa `salio` bila kulia, juu imeirithi na inagusa ile ya kwake. `salio` ukiiandika hivyo peke yake ni kama kusema `this.salio`.

Mitego miwili hapa, na wa kwanza ni mbaya kweli.

Usiandike tena `protected int salio;` ndani ya mtoto. Kuna dada mmoja wa mwaka wa pili alikaa na hii kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tano usiku. Programu yake haikuwa na kosa hata moja, ila 5000 jumlisha 2000 ilikuwa inamtolea 2000. Alihesabu kwa vidole, alibadilisha `+` akaandika `+=`, akaanza hata kushuku mashini. Kumbe aliona `salio` haipo kwenye faili lake, akaiongeza "ili iwepo". Kwa kufanya hivyo objekti moja ikawa na `salio` mbili, moja ya mama yenye 5000 na nyingine ya mtoto iliyoanza na 0, na ya mtoto ikaifunika ya mama. `super(mwanzo)` inajaza ile ya mama, `weka` na `soma` zinashika ile ya mtoto. Java haitakuambia kitu maana kisheria ni halali. Jaribu mwenyewe, ongeza huo mstari, uone 2000, kiisha ufute.

Usidhani `Jaribio` sasa anaweza kuandika `k.salio` eti kwa sababu yeye na `KashaLaSoko` wako paketi moja ya `tawi`. Hapana. Ruhusa ya paketi inaangalia mahali `salio` ilipoandikwa, na imeandikwa `shina`. Mtoto kuhamia mtaa mpya hakufanyi majirani wapya wawe na ruhusa ya mali ya kwao. Utapata kosa lilelile la `protected access in Kasha`, na hilo jina la mwisho, `in Kasha`, njo linakuambia kitu kimeandikwa wapi.

## Hatua ya 4: Fundo lenyewe, kugusa kasha la mwingine

Hapa njo pale mnaponiletea mashini. Tunataka mama wa soko ahamishe pesa kwenda kasha lingine. Ongeza kwenye `KashaLaSoko`:

```java
public void hamishia(Kasha lingine, int kiasi) {
    salio = salio - kiasi;
    lingine.salio = lingine.salio + kiasi;
}
```

Piga `javac`.

Utaona: makosa mawili, yote kwenye mstari wa `lingine`. Ule mstari wa juu yake, wa `salio` yako, haujaguswa.

Tulia usome tena. Metodi moja, klasi moja, atributi moja yenye jina moja. Mara moja imekubaliwa na mara moja imekataliwa. Kwa hiyo tatizo si kwamba "mtoto hana ruhusa". Tatizo ni aina ya kitu kilicho upande wa kushoto wa nukta.

Sheria, kwa maneno ya nyumbani: ukiwa ndani ya `KashaLaSoko`, iliyo nje ya paketi ya mama, unaweza kugusa `x.salio` pale tu `x` imetangazwa kuwa `KashaLaSoko` au mtoto wa `KashaLaSoko`. Ikitangazwa kuwa `Kasha`, hapana. Ikitangazwa kuwa ndugu yako, mfano `KashaLaMotari` (kasha la mtu wa pikipiki, tutaliandika hatua ya 5), hapana pia.

Wewe na kaka yako mmezaliwa nyumba moja, kila mtu amejenga kwake. Jikoni kwako unaingia bila kuomba. Kwa kaka yako unapiga hodi, hata kama sufuria za nyumba zote mbili zilitoka kwa mama mmoja.

Kwa nini wamekaza hivyo? Fikiria wangelegeza. Mtu yeyote angeandika hii, dakika mbili tu:

```java
package tawi;

import shina.Kasha;

public class Mwizi extends Kasha {
    public Mwizi() {
        super(0);
    }

    public void iba(Kasha k) {
        salio = salio + k.salio;
        k.salio = 0;
    }
}
```

Kama kuandika `extends Kasha` kungetosha kufungua kila kasha la likirimba, `protected` isingekuwa na maana yoyote, juu `extends` hauombi kwa mtu, unaiandika tu. Hiyo `Mwizi` iandike kweli kwenye `tawi/Mwizi.java`, uone `javac` inavyomkamata kwenye `k.salio`, na uiache hapo. Tutarudi kwake.

### Majaribio matatu ya kufanya hapohapo

Badilisha `Kasha lingine` iwe `KashaLaSoko lingine`. Inakubali. Mama wa soko na mama mwingine wa soko wanaweza kugusiana. Ila sasa hauwezi kuhamishia motari.

Rudisha `Kasha lingine`, na kwenye `main` mpelekee `new KashaLaSoko(1000)`. Inakataa bado! Wengi wanashangaa, "lakini objekti yenyewe ni ya soko kweli". `javac` haioni objekti, objekti inazaliwa programu ikitembea. Inachoona ni aina uliyoandika kwenye karatasi, na uliandika `Kasha`.

Lazimisha kwa kasti, `((KashaLaSoko) lingine).salio`. `javac` itakubali na utafurahi. Siku atakapokuja motari, programu itaanguka katikati ya kazi na `ClassCastException`, na kwa ile metodi yetu itaanguka baada ya kukutoa pesa na kabla ya kumpa mwenzako. Nimeona TP tano zimetolewa hivi mwaka huu. Usifanye.

Na kitu kimoja kidogo: haya yote ni ya atributi na metodi za objekti. Ingekuwa `static`, mtoto angeigusa bila hili sharti la kushoto kwa nukta, maana `static` si ya kasha la mtu yeyote, ni ya klasi.

## Hatua ya 5: Irekebishe pale ilipoharibikia, kwa mama

Dawa haiko kwenye mtoto. Ukishika kodi ya mtoto ukaanza kuizungusha huku na huku, utaishia kwenye kasti au utaweka `public` kila mahali, na `public int salio` ni kuacha kasha wazi sokoni.

Uliza swali hili: kazi ya kuhamisha pesa kati ya makasha mawili, inajua nini? Inajua makasha, haijui soko wala pikipiki. Basi ni kazi ya `Kasha`. Andika upya `shina/Kasha.java`:

```java
package shina;

public class Kasha {
    private int salio;

    protected Kasha(int mwanzo) {
        salio = mwanzo;
    }

    protected int ada(int kiasi) {
        return 0;
    }

    public int soma() {
        return salio;
    }

    public void hamishia(Kasha lingine, int kiasi) {
        int jumla = kiasi + ada(kiasi);
        if (kiasi <= 0 || jumla < kiasi || jumla > salio) {
            throw new IllegalArgumentException("Haiwezekani: " + kiasi);
        }
        salio = salio - jumla;
        lingine.salio = lingine.salio + kiasi;
    }
}
```

Umeona mstari wa mwisho? `lingine.salio`, na `salio` sasa ni `private`, na inakubali. Hii inawachanganya watu kuliko kitu chochote: `private` ya Java inalinda klasi dhidi ya klasi nyingine, hailindi objekti dhidi ya objekti nyingine. Kodi iliyo ndani ya `Kasha` inagusa `salio` ya `Kasha` lolote, hata likiwa la motari kwa ndani, maana sehemu hiyo ya objekti ni ya `Kasha` vilevile.

`protected` imebaki kwenye vitu viwili, na nadhani hapo njo mahali pake: `ada`, tundu dogo ambalo mama amewaachia watoto wajaze, na konstrukta, ile `Kasha(int mwanzo)` inayojenga objekti. Mtoto anasema ada yake ni ngapi, lakini hashiki pesa. Hata lile sharti la `jumla < kiasi` liko pale kwa sababu hiyo, juu mtoto mjanja angeweza kurudisha ada ya chini ya sifuri na kujitengenezea pesa hewani.

Sasa watoto wanakuwa wafupi. `KashaLaSoko`:

```java
package tawi;

import shina.Kasha;

public class KashaLaSoko extends Kasha {
    public KashaLaSoko(int mwanzo) {
        super(mwanzo);
    }
}
```

Na `KashaLaMotari`, la yule wa pikipiki pale Essence:

```java
package tawi;

import shina.Kasha;

public class KashaLaMotari extends Kasha {
    public KashaLaMotari(int mwanzo) {
        super(mwanzo);
    }

    @Override
    protected int ada(int kiasi) {
        return 100;
    }
}
```

Kwenye `main`:

```java
KashaLaSoko soko = new KashaLaSoko(5000);
KashaLaMotari motari = new KashaLaMotari(3000);
motari.hamishia(soko, 1000);
System.out.println(motari.soma() + " na " + soko.soma());
```

Piga `javac -d out shina/Kasha.java tawi/KashaLaSoko.java tawi/KashaLaMotari.java tawi/Jaribio.java`, `Mwizi` muache pembeni bado.

Ikikubali utaona: `1900 na 6000`. (Ile mia imeenda wapi msiniulize, hiyo ni TP nyingine.)

Ukiona `2000 na 6000`, ada yako haijaitwa. Soma hatua inayofuata.

## Hatua ya 6: Makosa ya kuandika metodi upya

Mtoto akiandika upya metodi ya `protected` anaruhusiwa kuilegeza, anaweza kuifanya `public`, lakini haruhusiwi kuikaza. Futa neno `protected` mbele ya `ada` ya motari ubaki na `int ada(int kiasi)`, utaona:

```
attempting to assign weaker access privileges; was protected
```

Sababu: mama ameshaahidi kwamba hiyo metodi inaonekana kwa watoto, huwezi kuivunja ahadi yake kwa wale watakaorithi kwako.

Kosa la kinyume halipigi kelele, na ndiyo maana ni baya zaidi. Ukisahau `protected` kwa mama, ukaandika `int ada(int kiasi)` tu, metodi hiyo inaonekana ndani ya `shina` peke yake. Motari wa `tawi` akiandika `ada` yake, anatengeneza metodi mpya isiyohusiana na ile, na `hamishia` itaendelea kuita ya mama yenye sifuri. Hapo njo unapata `2000 na 6000`.

Kinga yake ni lile neno `@Override`. Ukiwa nalo, `javac` itakuambia `method does not override or implement a method from a supertype`, na utajua papo hapo. Liweke kila mara, ni herufi chache.

## Hatua ya 7: Konstrukta ya `protected`

Ndani ya `Jaribio`, rudisha `import shina.Kasha;` na ujaribu `new Kasha(100)`. Utapata `Kasha(int) has protected access in Kasha`. Sawa, tulitarajia. Sasa jaribu mstari huohuo ndani ya `KashaLaSoko`, kwenye metodi yoyote. Inakataa pia! Mtoto anaruhusiwa kuita `super(...)` wakati anajijenga mwenyewe, haruhusiwi kujenga mama mzima pembeni. Ni sheria ileile ya hatua ya 4 ikiwa imevaa nguo nyingine.

Lakini `new Kasha(100) {}`, na mabano ya nywele mwishoni, inapita hata kutoka `Jaribio`, maana hapo umetengeneza mtoto asiye na jina. Kama hutaki mtu ajenge `Kasha` tupu hata akiwa ndani ya `shina`, dawa ni `abstract class Kasha`, si `protected` kwenye konstrukta, ila huyo mtoto asiye na jina bado atapita.

## Ukitoka Java ukaenda lugha nyingine

Neno ni lilelile, tabia inabadilika, kwa hiyo usibebe kichwa cha Java kila mahali.

C# ina sheria ileile ya kushoto kwa nukta, na kosa lake lina namba, CS1540. Ila `protected` yake haina ile ruhusa ya majirani, ukitaka mtoto au yeyote wa asembli ileile (kifurushi kimoja cha kodi iliyojengwa) unaandika `protected internal`. Kotlin nayo haina ruhusa ya paketi, ni watoto tu.

C++ haina paketi na inakukatalia kugusa ya mama kupitia mama, kama Java. Mtego wake ni mwingine: ukiandika `class B : A` bila neno `public`, urithi unakuwa wa siri na kila kilichokuwa wazi kwa `A` kinafungwa kwa watu wa nje ya `B`.

Python haina kufuli. Alama moja ya chini, `_salio`, ni adabu tu, mtu akitaka anaingia. Alama mbili, `__salio`, zinabadilisha jina kuwa `_Kasha__salio` ili mtoto asiifunike kwa bahati mbaya kama yule dada wa hatua ya 3.

PHP njo ya kuangalia sana, na hapa mjini tovuti nyingi zinaandikwa nayo. Kwenye PHP mtoto anaweza kugusa atributi ya `protected` ya objekti yoyote ilimradi imeandikwa kwa mama yao mmoja. Yaani yule `Mwizi` wetu akiandikwa PHP, anapita na kuondoka na makasha yote. Kwa PHP, pesa iweke `private`.

## Jaribio la mwisho

Sasa mrudishe `Mwizi`. Usimbadilishe hata herufi, mwongeze tu kwenye amri:

```
javac -d out shina/Kasha.java tawi/Mwizi.java
```

Hatua ya 4 alikamatwa kwenye `k.salio` tu, ile `salio` yake mwenyewe aliigusa bila shida. Leo hata yake haishiki. Ujumbe umebadilika neno moja, na ndilo ulitakalo:

```
error: salio has private access in Kasha
```